Huo mkono wa nani? Tuifumue sizoni ya pili ya Wednesday

Mwaka 2022 sizoni ya kwanza ya tamthilia ya Wednesday ilipotoka tulikuwa tunaiangalia sebuleni mimi na wadogo zangu, mama akapita na ungo wake wa mchele, akasimama akaikodolea tv kama dakika moja hivi, akauliza, "Huo mkono wa nani?" Tulicheka sana. Tukamwambia mama huo hauna mwenyewe, ni mkono tu, unatembea, unatumwa, ndo walivyo hao watu. Akasema mkono hauwezi kukosa mwenyewe, akaenda zake kuchambua mchele.

Imepita karibu miaka mitatu, sizoni ya pili imekuja 2025, na kumbe mama ndo alikuwa na akili kuliko sisi wote, maana ukiondoa makelele sizoni nzima ni jibu la swali lake. Mkono una mwenyewe. Mwenyewe alizikwa chini ya mti, na waliomzika ni wale wale waliokaa na mkono wake ndani ya nyumba miaka yote kama mtoto wa kulea.

Naandika hii kwa sababu nimeona watu kibao wamemaliza episodi zote nane na bado wanaulizana yule zombi alikuwa nani hasa, huyo LOIS ni mwanamke gani, kunguru walikuwa wa nani, na yule bibi kamfungia nani kule chini. Siwalaumu. Sizoni imejaa watu kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, kila kituo anapanda mtu mpya na hashuki mtu. Ila uzi upo, na uzi wenyewe ni huo mkono. Kama bado hujaangalia ishia hapa, urudi ukimaliza, maana nasema kila kitu hadi anayekufa.

Kwa ambaye hajui kabisa: Wednesday Addams ni binti asiyecheka, anasoma shule ya bweni inaitwa Nevermore, shule ya watu wenye maajabu yao, mbwamwitu, nguva wanaokuimbia ukafanya wanachotaka, vijana wenye nyoka kichwani na kadhalika. Familia yake inapenda makaburi kama wengine wanavyopenda harusi. Wazo lenyewe ni la zamani sana, mchoraji Charles Addams alianza kuwachora kwenye jarida la The New Yorker mwaka 1938, na majina hawakuwa nayo mpaka walipoingia kwenye tv mwaka 1964. Jina Wednesday limetoka kwenye kishairi cha watoto wa Kiingereza kinachosema mtoto aliyezaliwa Jumatano amejaa huzuni, na neno hilo la huzuni, woe, ndo limechomekwa kwenye jina la kila episodi, sizoni zote mbili. (Kwetu Jumatano ni siku ya tano tu ukihesabu toka Jumamosi, haina ubaya na mtu.)

Sasa kilichowachanganya watu kwanza ni namna ilivyoletwa. Netflix walitoa episodi nne tarehe 6 Agosti alafu wakatuacha tunaning'inia hadi tarehe 3 Septemba ndo wakatoa nne zilizobaki. Na walipokata ni pale Tyler, yule kijana adui wa sizoni ya kwanza, akiwa ameshageuka Hyde, lile dude linalokaa ndani yake, anamrusha Wednesday dirishani. Mwezi mzima watu wanabishana kafa hajafa, utadhani hawajawahi kuangalia muvi maisha yao yote, stelingi gani anakufa katikati ya picha? Ila shida ni kwamba kila nusu ina adui wake, kwa hiyo mtu aliyeangalia ya kwanza Agosti akaja kumalizia Septemba kichwani bado alikuwa anamsubiri adui wa kunguru, wakati kesi ya kunguru ilishafungwa zamani.

Tuimalize hiyo ya kunguru fasta. Mwanzoni watu wanauliwa na kundi la kunguru wanaoongozwa na kunguru mmoja chongo, wanadonoa macho. Sisi wa pwani kunguru tunamjua kwa kuiba chapati mezani, hii ya macho imenifanya nianze kuwaheshimu. Mmoja wa waliouawa ni Galpin, yule sherifu wa zamani, baba yake Tyler, ambaye alikuwa anaichimba hospitali ya vichaa ya Willow Hill ambako mwanae kafungwa minyororo. Wednesday anafuata nyayo zake, anakutana na jina LOIS, na kama mimi na wewe anadhani ni mtu. Sio mtu. Ni herufi za mwanzo za jina la mradi wa siri. Kule chini ya hospitali walikuwa wamewafungia watu wenye vipaji ambao huku juu wameandikwa kuwa walishakufa, wanawafanyia majaribio ya kuwanyonya vipaji na kuwapandikizia watu wa kawaida. Mwanzilishi ni mzee anaitwa Stonehurst, na binti yake Judi, ambaye muda wote anajifanya msaidizi tu wa daktari mkuu, yeye ndo alipandikizwa kipaji cha kuwaamrisha ndege. Huyo ndo mwenye kunguru. Basi, hakuna kingine hapo. Anaumbuka episodi ya nne, milango ya selo inafunguka, wafungwa wanamwagika nje.

Na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza, kwa sababu kati ya waliokuwa kwenye zile selo alikuwepo mwanamke anaitwa mgonjwa namba 1938 (mwaka ule ule wa michoro, waandishi wanachokoza), na mwanamke huyo ni Françoise, mama yake Tyler, ambaye sizoni ya kwanza tuliambiwa alishafariki. Mshike huyo mama. Usimwache.

Turudi mwanzo kabisa, episodi ya kwanza. Ajax, mmoja wa wale vijana wenye nyoka kichwani, anawasimulia wanafunzi hadithi ya zamani ya shule, na picha inabadilika inakuwa nyeusi na nyeupe, vikaragosi vya mwongozaji Tim Burton vile vya macho makubwa: palikuwa na kijana fundi, akili nyingi, moyo mbovu, akajitengenezea moyo wa chuma unaogonga kama saa, alafu akafa na akazikwa chini ya mti wenye sura ya fuvu. Hadithi ya kutishia watoto tu, unaipita. Pugsley, mdogo wake Wednesday ambaye ndo kwanza kaanza shule na hana rafiki, anaenda kwenye ule mti na ule umeme wake wa mikononi, shoti inaingia ardhini, na kinachotoka ni zombi. Dogo badala ya kukimbia anamchukua anamfuga. Anampa jina Slurp, anamficha, anamlisha. Nusu nzima ya kwanza huyu zombi ni kichekesho, sijui anatafuna ubongo wa nani leo, na watu wengi walimchukulia hivyo hivyo kama kichekesho. Ila ukirudia kuangalia utaona kitu, kila akila ubongo anakuwa mtu zaidi. Ngozi inarudi, meno yanarudi, maneno yanarudi, na kwenye kifua kuna mlio wa saa.

Anaitwa Isaac Night. Alisoma Nevermore enzi za Gomez na Morticia, baba na mama yake Wednesday, alikuwa rafiki mkubwa wa Gomez. Na ana dada. Dada yake ni Françoise.

Unaona sasa? Françoise alikuwa na Hyde ndani yake kama alivyokuja kuwa nayo mwanae Tyler baadaye, na kitu hicho kinamla mtu. Isaac akajenga mashine kwenye mnara wa shule ya kumtoa dada yake hiyo Hyde, mashine inataka umeme mwingi kuliko wa kawaida, na rafiki yake Gomez ujanani alikuwa na umeme mwilini kama alionao Pugsley leo. Akamuweka Gomez kwenye mashine kama betri. Angekufa pale. Morticia akatokea, akamkata Isaac mkono. Mashine ikalipuka, Isaac akafa, Gomez akapona lakini umeme ukamtoka moja kwa moja, na wapenzi wawili wakachukua maiti wakaizika chini ya mti bila kumwambia mtu, wakaendelea na maisha, wakaoana, wakazaa. Ule mkono uliokatwa ukabaki hai. Ndo Thing. Ndo huo huo aliouliza mama.

Na wametuchezea tangu mwanzo, maana herufi za Thing ukizipanga upya unapata Night. Jina la ukoo wake lilikuwa mezani toka 2022 na hatukuliona. Kwa Kiswahili hiyo janja isingewezekana, tungemwita Kitu na biashara ingeishia hapo.

Ila kuna sehemu Kiswahili kinaona kuliko Kiingereza, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ukilielewa hili hutapotea tena. Wao wana neno moja kwa Fester na kwa Isaac, wote ni uncle. Sisi hatuko hivyo. Fester ni ndugu yake Gomez, kwa hiyo kwa Wednesday yule ni baba, mkubwa au mdogo ni baba, na tafsiri zinazomwita mjomba Fester zinakosea kila siku. Isaac ni kaka wa mama yake Tyler, kwa hiyo kwa Tyler ni mjomba, mjomba kabisa, na Tyler ni mpwa wake. Ukiziweka hivyo familia mbili zinajipanga zenyewe mbele yako. Huku kuna akina Addams, baba, mama, watoto, baba mwingine na mkono. Huku kuna mama aliyefungwa kwenye selo miaka na miaka, kijana aliyempoteza baba juzi kwa kunguru, na mjomba aliyefukuliwa kaburini. Huyu mjomba hataki kutawala dunia wala kupiga mtu bomu kama maadui wengine. Anataka kumaliza kazi aliyokuwa anaifanya siku aliyokufa, kumtoa ndugu yake Hyde, tena sasa yupo na mpwa naye mwenye tatizo lile lile. Na betri ipo, Pugsley, mtoto wa rafiki yake, umeme ule ule. Mimi nakiri kuna mahali nilikuwa upande wa mjomba, kwa kama dakika kumi hivi, mpaka alipomzika Wednesday mzima mzima.

Alimzika kweli. Wazazi wa Wednesday walimzika yeye, na yeye akamzika mtoto wao, tofauti yeye alikuwa amekufa na binti anapumua.

Episodi ya mwisho kwa hiyo sio vita ya wema na wabaya, ni ya damu kwa damu. Isaac anaukamata mkono wake anaurudisha mahali pake, na kwa mara ya kwanza unamuona mwenye mkono na mkono wake wamekamilika, mtu mzima. Pugsley yuko kwenye mashine. Tyler naye kafungwa, mama yake anataka atolewe Hyde hata kwa nguvu ilimradi apone, na yeye mwenyewe hataki. Angalia vizuri vile vidole Wednesday anapouita mkono. Vinasita. Vinatetemeka kidogo, alafu vinaanza kupanda taratibu kwenye kifua cha mwenyewe, vinaingia, vinaung'oa ule moyo wa saa. Nimerudia hiyo sini mara tatu. Mkono umechagua waliokaa nao na sio aliyezaliwa nao, na hausemi neno hata moja kwa sababu hauna mdomo, kazi yote ni ya mwigizaji mmoja wa Romania, Victor Dorobantu, ambaye alikuwa akifanya mazingaombwe na hapo humuoni sura. Françoise anafia pale pale, anaanguka toka mnarani. Tyler anabaki peke yake duniani, na yule mwalimu wa muziki, Capri, anakuja kumwambia wapo wengine kama yeye, twende. Hilo wameliacha makusudi kwa ajili ya sizoni ijayo.

Nyuzi mbili zimebaki ambazo watu wanazichanganya na hii.

Moja ni ya Enid. Mwanzoni kabisa Wednesday anaota njozi ya rafiki yake amekufa, na Enid kwenye njozi anamwambia nakufa kwa sababu yako. Machozi meusi yanamtoka, alafu njozi zinakata kama umeme wa mgao. Toka hapo kila kitu anachofanya Wednesday, kumtenga Enid, kumficha mambo, kumkimbia, ni kumlinda, na kila anavyomlinda anamsogeza karibu na shimo. Humo katikati kuna kitoto kinaitwa Agnes, kinachoweza kupotea machoni usikione, kilikuwa kinamfuatilia Wednesday kwa mapenzi ya kishabiki, huyo usihangaike naye sana, sio adui. Kilichompata Enid ni kwamba kumbe yeye sio mbwamwitu wa kawaida, ni alfa, na alfa akijigeuza kwa mwezi mpevu anaweza asirudi tena kuwa mtu. Wednesday alipozikwa, Enid alijua hilo. Akajigeuza. Akafukua. Akakimbilia msituni kaskazini na hajarudi. Kwa hiyo wanaosema njozi ilikosea sikubaliani nao, Enid tuliyemjua hayupo, na hayupo kwa sababu ya Wednesday, kama alivyosema.

Ya pili ni Ophelia. Huyu ni ndugu yake Morticia, alikuwa na njozi na machozi meusi kama ya Wednesday, vikamzidi akachanganyikiwa, akapotea, na hiyo ndo sababu Morticia muda wote anamkaba mwanae, mpaka kuchoma kitabu cha njozi. Sio wivu wala roho mbaya, ni mtu aliyeshaona filamu hii inavyoisha. Mama yao, bibi Hester Frump, tajiri wa biashara ya mazishi, anajifanya kamsahau huyo binti. Dakika za mwisho Wednesday anashika daftari la Ophelia, njozi inamuonyesha yuko hai, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya huyo huyo bibi, mgongo umegeuka, anaandika ukutani kwa damu: lazima Wednesday afe. Sasa rudi kwenye hesabu zetu za ukoo. Dada wa mama kwetu ni mama. Aliyeandika pale ukutani ni mama yake.

Habari ya mkuu wa shule Dort na Bianca nimeiruka makusudi, kwa maoni yangu ndo sehemu dhaifu. Mkuu anamtumia nguva Bianca amlaghai bibi Hester atoe pesa, anaumbuka kwenye hafla, anageuzwa jiwe, kwisha. Steve Buscemi kamuigiza huyo mkuu vizuri lakini ukiitoa yote mti wa hadithi hautikisiki. Lady Gaga pia, watu walisubiri wee, akatokea muda mfupi mno kama mwalimu wa zamani aliyekufa, ila kutokea kwake ndo kunakowabadilisha miili Wednesday na Enid, na hiyo episodi ya sita peke yake inalipa bando. Jenna Ortega, ambaye ndo Wednesday mwenyewe, anaigiza Enid aliyeko ndani ya mwili wa Wednesday, na unagundua hujawahi kumuona huyo dada anatabasamu, mashavu yenyewe kama hayaamini, kila kitu kimehama hadi mabega.

Na tusisahau kwamba ni komedi hii. Kuna watu wanaandika kama vile ni msiba. Dakika za mwanzo tu Wednesday yuko uwanja wa ndege, mashine inapiga kelele, anatoa kisu, anatoa kingine, anatoa silaha za kutosha jeshi dogo, na walinzi wanachomnyang'anya ni mafuta ya kujikinga na jua. Kicheko chao ndo hicho, hakuna anayejua amechekesha. Wanachokoza mpaka wenye kumbukumbu: Christopher Lloyd, aliyekuwa Fester kwenye muvi ya 1991, hapa ni kichwa cha mwalimu ndani ya chupa, na Christina Ricci, aliyekuwa Wednesday kwenye muvi hiyo hiyo, anauawa na Tyler, yule yule ambaye yeye ndo alikuwa akimtawala sizoni ya kwanza. Na kama uliona shule imebadilika sura sio macho yako, sizoni ya kwanza walipigia Romania, hii wamehamia Ireland.

Sizoni ya tatu ilishathibitishwa Julai 2025, kabla hata hii haijatoka. Tulipoachwa, Wednesday kapanda pikipiki ya Fester wanaenda kumtafuta Enid, na mkono upo nao, umerudi kuwa Thing.

Nilipomaliza nilimpigia mama simu nikamwambia ule mkono umepata mwenyewe. Wala hakushangaa. Akauliza marehemu alizikwa vipi, nikamwelezea, chini ya mti, usiku, na mkono ukabaki nyumbani. Kimya kidogo. Akasema, "Kiungo cha mtu kinazikwa, mwanangu. Wangekizika na mwenyewe wala msingekuwa na cha kuangalia."

Alafu akaniuliza kama nimeshatuma ile hela ya luku.